Jinsi Nilivyoipa Kitale Bei za Luanda: Chati Sita katika Mchoro Mmoja

Mwaka juzi nilipewa kazi ambayo, kwa kuitazama juu juu, ilionekana ni ya jioni moja tu. Shirika dogo nililokuwa nikilifanyia kazi kwa mkataba hapa Kisumu lilikuwa limekusanya bei za rejareja za mahindi makavu katika masoko sita, mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima. Msimamizi wangu alitaka bei hizo zionekane kwenye ukurasa mmoja wa ripoti, kila soko na chati yake, ili mfanyabiashara aliyeketi mkutanini aweze kuyalinganisha masoko bila kufunua kurasa. Masoko yenyewe yalikuwa Kibuye hapa mjini, Ahero, Luanda, Kakamega, Chwele na Kitale. Kazi hiyo ilinichukua siku tisa, ikanitoa shilingi 3,200 za mfukoni mwangu, na ikaniaibisha mbele ya watu wapatao 40. Naieleza kwa sababu makosa niliyoyafanya ni yale yale ninayoyaona kwa wanaoanza kuchora chati kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na karibu yote yanatokana na swali ambalo sikujiuliza mapema: kichwa hiki ni cha nani?

Hapo awali nilikuwa nachora kila chati peke yake katika lahajedwali, kisha naiburuta hadi kwenye ripoti. Ukiisogeza moja, nyingine hutawanyika kama vifaranga walioona mwewe, na data ikibadilika unaanza upya. Ndiyo maana safari hii niliamua kutumia msimbo, kwa maktaba ya Matplotlib, ambayo nilikuwa nimeigusa kidogo chuoni.

Nilianza kwa amri ya plt.subplots(3, 2), yaani safu mlalo tatu na safu wima mbili; plt ni kifupi cha matplotlib.pyplot, sehemu ya maktaba hiyo yenye amri za kuchora. Amri hiyo hurudisha vitu viwili: mchoro mzima, ambao kwa desturi huitwa fig, na kundi la paneli, yaani vile vyumba sita ambamo chati zitakaa. Kosa la kwanza lilikuja papo hapo. Niliandika paneli[0].plot nikidhani ninaizungumzia paneli ya kwanza, na kompyuta ikanijibu kwamba kitu hicho hakina plot. Ilikuwa na haki. Gridi ikiwa na safu mlalo na safu wima zaidi ya moja, paneli[0] ni safu mlalo nzima, wala si chumba kimoja. Chumba cha kwanza ni paneli[0, 0], kwa kuwa hesabu huanzia sifuri. Ukichoka kuhesabu kwa namba mbili, paneli.flat hukupa vyumba vyote kwa mfuatano, kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini. Mfuatano huo ukae akilini, kwani nitaurudia.

Baada ya kurekebisha hilo niliandika kitanzi kilichochora soko moja baada ya jingine, na mwishoni mwa kila mzunguko nikaweka plt.title pamoja na jina la soko. Nilipoendesha msimbo, chati sita zilitokea vizuri, lakini tano hazikuwa na kichwa, na ya chini kulia iliandikwa Kitale. Niliendesha tena. Kitale peke yake. Nikaongeza ukubwa wa herufi nikidhani vile vichwa vingine vimejificha mahali, na Kitale ikazidi kunenepa.

Sababu yake ilinichukua zaidi ya saa moja kuielewa. Matplotlib ilianzishwa na John Hunter, mtafiti wa ubongo wa Marekani, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2003. Aliijenga ifuate mtindo wa MATLAB, programu ya hesabu, ambamo amri hutolewa bila kutaja inaelekezwa wapi, na programu yenyewe huchukulia kwamba unazungumza na paneli iliyo mbele yako kwa wakati huo. Baada ya plt.subplots, paneli hiyo ni ile iliyoundwa mwisho kabisa, yaani ya chini kulia. Kwa hiyo majina yote sita yalikuwa yamepelekwa kwenye chumba kimoja, kila jipya likilifuta la zamani, hadi likabaki la mwisho. Ni kama kuingia kwenye boma lenye nyumba sita na kuita “Wewe!” ukitumaini kwamba kila mtu atajua zamu yake. Dawa ni kumtaja mwenyewe: ax.set_title, ambapo ax ni jina la paneli moja, huipa kichwa paneli unayoitaja, na fig.suptitle huupa kichwa mchoro mzima. Tangu siku hiyo sijaandika plt.title ndani ya mchoro wenye paneli zaidi ya moja.

Hapo ndipo nilipopanda mbegu ya aibu yangu. Ili kuvipata vichwa haraka, niliandika kwa mkono orodha ya majina kwa mpangilio wa safari nilioujua kichwani: Kibuye, Ahero, Luanda, Kakamega, Chwele, Kitale. Data zenyewe nilizigawanya soko kwa soko kwa groupby, amri ya pandas, maktaba ya kushughulikia majedwali, kisha nikaambatanisha orodha na data, cha kwanza kwa cha kwanza, cha pili kwa cha pili. Vichwa sita vikatokea mahali pake, nami nikalala nikiwa na furaha.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kupigania nafasi. Vichwa vya safu mlalo ya pili vilikuwa vimekanyaga majina ya miezi ya safu mlalo ya kwanza, na ya tatu ikaikanyaga ya pili. Niliongeza amri ya tight_layout, ambayo huzisogeza paneli ili maandishi yasigongane. Kwenye kipakatalishi changu nyumbani Manyatta mambo yakawa sawa kabisa. Asubuhi nikafungua msimbo ule ule kwenye kompyuta ya ofisini, na kichwa kikuu kikawa kimelaliwa na vichwa vya paneli za juu, herufi juu ya herufi. Nilidhani nimeharibu kitu nikiwa kwenye matatu. Ukweli ni kwamba kompyuta ya ofisi ilikuwa na toleo la zamani, na kabla ya toleo la 3.3 tight_layout haikukihesabu kichwa kikuu kabisa. Ilizinyanyua paneli hadi ukingo wa juu kana kwamba hapo hakuna mtu. Anayefanya kazi kwenye mashine mbili aangalie kwanza matoleo kabla ya kuanza kujilaumu.

Kwa kutojua hilo, nilifanya anachofanya kila mtu: nikakisukuma kichwa kikuu juu kwa kukiwekea y=1.05. Kwenye skrini kilionekana kipo. Nilipohifadhi picha, kikatoweka, kwa sababu urefu wote wa mchoro ni 1, na kilicho juu ya 1 kiko nje ya karatasi. Nikaongeza bbox_inches yenye thamani ya tight wakati wa kuhifadhi, kichwa kikarudi, lakini vipimo vya picha vikabadilika, kwa sababu amri hiyo hukata au kupanua ukingo kulingana na kilichomo. Nilikuwa naziba tundu moja kwa kutoboa jingine. Suluhisho lililonifaa, ambalo nalitumia hadi leo, ni kusasisha maktaba na kuiambia plt.subplots tangu mwanzo kwamba layout iwe constrained. Mpangilio huo huhesabu vichwa vya paneli, kichwa kikuu, majina ya mihimili na ufunguo wa rangi, kisha hukigawia kila kimoja nafasi yake. Kitu usichopaswa kufanya ni kuuchanganya na tight_layout katika mchoro mmoja. Chagua mmoja uachane na mwingine.

Kuna jambo ambalo hata mpangilio huo haukusaidii, nalo linatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili kuliko wengi. Vichwa vyetu huwa virefu. Nilikuwa nimeandika juu ya kila paneli “Bei ya wastani ya rejareja ya gorogoro moja ya mahindi makavu, soko la Kakamega” (gorogoro ni mkebe wa kupimia nafaka), na paneli yenyewe haikufika upana wa inchi tatu. Kichwa hakijikunji chenyewe kikifika ukingoni. Kinaendelea mbele hadi kwenye uwanja wa jirani, na mpangilio wa constrained hauhesabu upana wake. Vichwa viwili vya jirani vilikuwa vimeunganika vikawa sentensi moja isiyo na maana. Mwanzoni nilipunguza herufi, kisha nikakata mstari kwa alama ya \n, kisha nikagundua kwamba nilikuwa narudia maneno yale yale mara sita. Bei, rejareja, gorogoro, mahindi makavu: yote hayo ni ya mchoro mzima. Kilichotofautiana ni jina la soko tu. Niliyapandisha yote kwenye kichwa kikuu, kila paneli ikabaki na neno moja, na ukurasa ukapumua.

Nilifanya vivyo hivyo kwa mihimili. Neno “Shilingi” lilikuwa limeandikwa mara sita ubavuni, fig.supylabel huliandika mara moja kwa mchoro mzima. Na kwa kuwa kichwa kikuu na vichwa vya paneli huanza vikiwa na ukubwa mmoja wa herufi usipobadilisha chochote, nilikipa kikuu pointi 13 na vya paneli pointi 10, nikavisogeza vya paneli kushoto kwa loc ili jicho livikute mahali pamoja.

Kuhusu ukubwa wa mchoro sitakaa sana, ingawa ulinipotezea siku nzima. Nilikuwa nimeweka upana wa inchi 16 kwa sababu ulinipendeza kwenye skrini. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Ukiondoa pambizo za milimita 25 kila upande zinabaki 160, ambazo ni inchi 6.3. Picha ya inchi 16 ikibanwa hadi inchi 6.3, herufi ya pointi 10 inakuwa karibu pointi 4, na hakuna mzee wa soko atakayeisoma hata akivaa miwani miwili. Siku hizi napima kwanza nafasi iliyopo kwenye ukurasa, naandika figsize kwa kipimo hicho hicho, halafu siigusi tena.

Sasa nije kwenye dalili niliyoipuuza. Katika jaribio la mwanzo kila paneli ilikuwa na mhimili wake wa wima, nao msimbo uliunyoosha kulingana na bei za soko hilo, kiasi kwamba mawimbi yote yalionekana yana urefu mmoja hata pale ambapo soko moja lilikuwa ghali kuliko jirani yake. Kwa mtu anayetaka kulinganisha, huo ni udanganyifu, hata kama haukukusudiwa. Nikaweka sharey=True ili paneli zote zitumie kipimo kimoja. Mara paneli moja ikaruka hadi juu ya dari, na zile nyingine tano zikalala sakafuni kama kamba iliyoanikwa. Paneli iliyoruka ilikuwa na kichwa cha Chwele.

Nilimpigia simu mwenzetu wa Chwele, nikamuuliza kwa sauti isiyokuwa ya upole sana amerekodi nini. Akaapa kwamba amerekodi bei ya gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili hivi, kama alivyoagizwa. Sikumwamini. Nikafungua jedwali lenyewe, na kweli, Chwele ilikuwa safi. Aliyerekodi kwa gunia la kilo 90 alikuwa mwenzetu wa Kitale. Gunia hilo hutoa takriban gorogoro 45, kwa hiyo niligawanya bei za Kitale kwa 45, chati zikatulia, nikamwomba radhi mtu wa Chwele, nikaendelea na kazi. Sikujiuliza swali la wazi kabisa: ikiwa kosa lilikuwa la Kitale, kwa nini mchoro ulimshtaki Chwele? Nilikuwa nimechoka, umeme ulikuwa umepotea mara mbili jioni hiyo, na ripoti ilitakiwa asubuhi. Nikachapisha nakala 40 kwenye saiba, ukurasa wa rangi kwa shilingi 30, na kuzishona kwa springi.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi mmoja mjini. Niliueleza mchoro kwa fahari, nikiuonyesha ukutani kwa projekta. Katikati ya safu ya mbele aliketi mama mmoja anayeuza nafaka Kibuye, ambaye hununua mzigo wake kutoka Kitale kwa lori. Alikuwa ameuweka ukurasa magotini na kidole chake kikiwa kwenye paneli ya mwisho. Aliniacha nimalize, kisha akauliza, akiniita “mwanangu” kwa Kijaluo:

“Nyathina, mahindi ya Kitale huvunwa lini?”

Nikamjibu kwamba ni kuanzia Oktoba hadi kama Desemba.

“Sasa hapa unasema bei ya Kitale ilishuka Agosti. Agosti mahindi ya kule bado yako shambani. Bei iliyoshuka Agosti ni ya huku kwetu chini.”

Ukumbi ulinyamaza, kisha watu wakaanza kunong’ona kila mmoja akilitazama soko lake. Nilisimama pale nikiitazama chati yangu, na kwa mara ya kwanza nikaiona. Groupby hupanga makundi kwa alfabeti isipoambiwa vinginevyo: Ahero, Chwele, Kakamega, Kibuye, Kitale, Luanda. Orodha yangu ya mkono ilifuata barabara. Katika nafasi sita, hakuna hata moja ambayo jina na data vilikutana. Paneli ya Kibuye ilikuwa Ahero, ya Ahero ilikuwa Chwele, ya Chwele ilikuwa Kitale, na ile ya mwisho niliyoiita Kitale ilikuwa Luanda. Msimbo haukutoa ujumbe wowote wa kosa, kwa sababu kwake majina ni maneno tu, na maneno sita kwa paneli sita ni hesabu iliyotimia.

Niliomba radhi, nikakusanya nakala zote, nikaahidi kuzirudisha zikiwa sahihi. Kuchapisha upya ukurasa wa rangi kulikuwa shilingi 1,200, kufungua springi na kuzishona tena shilingi 2,000, na nilizilipa mwenyewe bila kuambiwa. Fedha hazikuniuma kama simu niliyompigia mtu wa Chwele.

Msimbo niliouandika usiku ule haukuwa na orodha ya mkono. Jina na data vinatoka mahali pamoja, kwa mkono mmoja, katika mzunguko mmoja (bei ni jedwali lenye data zote):

```
fig, paneli = plt.subplots(3, 2, figsize=(6.3, 8),
                           sharex=True, sharey=True,
                           layout="constrained")
for ax, (soko, jedwali) in zip(paneli.flat, bei.groupby("soko")):
    ax.plot(jedwali["mwezi"], jedwali["gorogoro"])
    ax.set_title(soko, loc="left", fontsize=10)
fig.suptitle("Bei ya rejareja ya gorogoro ya mahindi makavu", fontsize=13)
fig.supylabel("Shilingi")
```

Anayetaka mpangilio wa barabara badala ya alfabeti anaweza kuupata bila hatari, mradi orodha yake ndiyo inayochagua data: kwa kila jina, chuja safu za soko hilo, zichore, kisha tumia jina lile lile kama kichwa. Mimi nilibaki na alfabeti kwa sababu msomaji hulipata soko lake upesi. Na kabla ya kuchapisha chochote, huwa nachagua paneli mbili, nafungua jedwali, na kulinganisha kwa macho bei ya mwezi mmoja kwenye jedwali na ile iliyochorwa. Ni kazi ya dakika tano.

Robo iliyofuata tuliporudi ukumbini, mama yule alianza na Kitale kabla hata sijafungua mdomo. Alipitisha kidole hadi Novemba, akatikisa kichwa kukubali, kisha akauliza kwa nini Kisii haimo, ilhali watu wengi hununua katika soko la huko la Daraja Mbili. Soko la saba, na gridi yangu ya vyumba sita! Nilibadilisha 3 kuwa 4, nikaongeza urefu wa mchoro, na chumba cha nane kilichobaki tupu nikakifuta kwa set_visible(False), kwa maana fremu tupu humfanya msomaji adhani data imepotea. Kilichonishangaza ni kwamba paneli iliyokuwa juu ya chumba hicho ilitokea bila majina ya miezi. Kwa sharex=True, majina ya miezi huandikwa kwenye safu mlalo ya chini pekee, na yale ya safu wima ya kulia yalikuwa yamefutika pamoja na chumba cha nane. Kwa mpangilio wa alfabeti wa masoko saba, paneli iliyobaki bila miezi ilikuwa Kitale, ile ile ambayo yeye huitazama kwanza. Niliirudishia miezi yake kwa tick_params na labelbottom=True, nikachapisha nakala moja tu, na siku ya Jumapili, soko likiwa limejaa, nikampelekea Kibuye aisome kabla sijalipia zile 39 zilizobaki.